Gari Jepesi Hula Mafuta Kidogo



Kila tarehe 14 ya mwezi wenye magari, wenye bodaboda na wenye mashini za kusaga hutega masikio redioni. Siku hiyo EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei mpya ya mafuta. Ikipanda, nauli inapanda, unga unapanda, na kile kikundi kilichonunua pikapu ya kupeleka maziwa au nyanya sokoni kinaanza kukuna kichwa. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013, petroli na dizeli yetu huja kwa meli ikiwa tayari imesafishwa. Bei yake hatuipangi sisi.

Lakini kuna swali moja ambalo kikundi chochote kinaweza kuuliza: haya mafuta tunayonunua, yanafanya kazi gani hasa? Kuna mafundi wa Ulaya na Marekani ambao wameuliza swali hili kwa miaka mingi, wakaunda magari yanayokwenda zaidi ya kilomita 100 kwa lita moja tu. Magari hayo hatutayanunua kesho. Hata hivyo, siri zao si za uchawi, na nyingine zinatufaa leo hii na gari lile lile tulilo nalo.

SHILINGI MIA YA PETROLI INAENDA WAPI?

Tuseme tuna gari la kawaida la petroli lenye uzito wa kilo 1,400, na ndani yake ni dereva peke yake, mtu wa kilo 70. Tunatia petroli ya shilingi 100.

Kama shilingi 75 au 80 hazifiki hata kwenye magurudumu. Zinageuka joto la injini na rejeta, zinatoka na moshi kwenye ekzosi, na nyingine zinaishia kwenye gia. Zinabaki kama shilingi 20 za kusukuma gari. Sasa angalia: uzito wa dereva ni sehemu moja kwa ishirini ya uzito wa gari. Kwa hiyo katika zile shilingi 20, ya kumsafirisha dereva ni kama shilingi moja. Nyingine zote zinasafirisha gari lenyewe.

Linganisha na baiskeli ya black mamba. Baiskeli ina kilo 20 hivi na inambeba mtu wa kilo 70, tena na gunia nyuma. Mzigo ni mzito kuliko chombo. Kwa gari mambo yamepinduka: chombo ni kizito mara ishirini kuliko mtu. Hapo ndipo mafundi hawa walipoanzia. Hawakuanza na injini. Walianza na uzito.

ADUI WATATU WA GARI BARABARANI

Gari likiwa linatembea lina adui watatu.

Wa kwanza ni UZITO. Kila unapoondoa gari mahali liliposimama, unalipa mafuta kuuvuta uzito huo. Kila unapopanda mlima, unalipa. Ukifunga breki, ile nguvu uliyoilipia inageuka joto kwenye breki na kupotea. Ndiyo maana gari linalosimama kila kituo hula mafuta kuliko linalokwenda safari ndefu bila kusimama.

Wa pili ni TAIRI. Tairi likibeba uzito hubonyea pale linapogusa ardhi, kisha linajinyoosha, halafu linabonyea tena, maelfu ya mara kwa safari moja. Kubonyea huko kunakula nguvu. Gusa tairi lisilo na upepo wa kutosha baada ya safari, utalikuta lina moto. Moto huo ulitoka kwenye tangi la mafuta. Tena gari likiwa zito, tairi hubonyea zaidi, kwa hivyo adui wa kwanza humsaidia wa pili.

Wa tatu ni HEWA. Huyu hatumwoni, kwa hiyo tunamsahau. Mtu aliyeendesha baiskeli dhidi ya upepo anamjua, na ndiyo sababu huinama. Hewa ina tabia moja mbaya: kasi ikiongezeka mara mbili, inakupinga mara nne. Gari likitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, hewa inalisukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Hata kutoka 80 kwenda 100 tu, upinzani huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kwa gari dogo la kawaida kwenye lami, hewa huanza kumshinda tairi mahali fulani kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Chini ya hapo, na kwenye barabara ya matope au ya milima, uzito ndio adui mkubwa. Juu ya hapo, hewa.

WAKULIMA WAWILI NA KIKAPU CHA MAYAI

Gari la kwanza tutakaloliangalia liliundwa kwa ajili ya watu kama sisi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Citroën ya Ufaransa, chini ya mkurugenzi wake Pierre-Jules Boulanger, ilitaka gari la mkulima wa kijijini ambaye bado alitumia farasi na mkokoteni. Maagizo aliyowapa mafundi yanasimuliwa mpaka leo: gari libebe wakulima wawili na kilo 50 za viazi, liende kilomita 60 kwa saa, litumie lita 3 kwa kilomita 100, na likipita kwenye shamba lililolimwa na kikapu cha mayai, yai lisivunjike.

Mafundi walipunguza kila kitu. Paa lilikuwa turubai la kukunja, hivyo ungeweza kusimamisha mzigo mrefu ndani. Viti vilikuwa mabomba yaliyofungwa kitambaa. Tairi zilikuwa nyembamba. Vita Kuu ya Pili ilikatiza kazi hiyo, na gari likaonyeshwa mjini Paris mwaka wa 1948 kwa jina la 2CV. Injini yake ilikuwa ya sisi 375, yenye nguvu ya farasi 9, na gari zima lilikuwa na karibu kilo 500. Watu wa mjini walilicheka. Wakulima walilinunua. Liliendelea kutengenezwa mpaka 1990, na yaliyotoka kiwandani yalipita milioni 3.

Kwa hewa 2CV halikuwa na ujanja mwingi, maana taa na mabawa ya matope yalitokeza nje. Lakini kwa kuwa lilikwenda polepole, adui wake mkubwa alikuwa uzito, na huyo walimshika.

WEPESI HUZAA WEPESI

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Ukipunguza kilo 100 kwenye bodi ya gari, faida yako si hizo 100 tu. Gari likiwa jepesi, injini ndogo inatosha. Injini ikiwa ndogo, fremu ya kuibeba haihitaji kuwa nene. Breki zinapungua, springi zinapungua, tairi zinapungua. Kwa kuwa linakula kidogo, hata tangi la mafuta linakuwa dogo. Kila kilo unayotoa inakuitia kilo nyingine itoke.

Ubaya wake ni kwamba mambo huenda pia kinyume. Ongeza vyuma, na lazima uongeze injini. Ukiongeza injini, ongeza breki. Na mwisho unajikuta na gari la tani mbili la kumpeleka mtu mmoja dukani.

GARI LA LITA MOJA

Mwezi wa Aprili 2002 Ferdinand Piëch, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani, aliendesha gari la ajabu kutoka Wolfsburg hadi Hamburg kuhudhuria mkutano wa wenye hisa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Gari lilitumia wastani wa lita 0.89 za dizeli kwa kila kilomita 100. Kwa hesabu yetu, hiyo ni kama kilomita 112 kwa lita. Kutoka Nairobi hadi Mombasa lingetumia lita nne na nusu hivi. Hiyo haijai hata jerikeni ndogo ya lita tano.

Walifanyaje?

Kwanza, uzito. Gari zima lilikuwa na kilo 290, yaani magunia matatu ya mahindi na kidogo juu. Fremu ilikuwa ya magnesi, madini mepesi kuliko hata alumini ya sufuria zetu. Ngozi ya nje ilikuwa ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Nyuzi hizo ni nyepesi kuliko chuma, lakini zina nguvu sana.

Pili, umbo. Badala ya kuwaweka watu wawili ubavu kwa ubavu, walimkalisha mmoja nyuma ya mwingine, kama kwenye bodaboda. Hivyo gari likawa jembamba, upana wake mita 1.25 tu, na fupi kwa kimo. Shimo linalotobolewa hewani likawa dogo. Magurudumu ya nyuma yalifunikwa. Vioo vya pembeni viliondolewa, na mahali pake zikawekwa kamera ndogo.

Tatu, injini. Ilikuwa ya silinda moja ya dizeli, yenye nguvu ya farasi 8.5. Nguvu hiyo ni karibu sawa na ya bodaboda! Na bado gari liliweza kufika kilomita 120 kwa saa.

SIRI IKO NYUMA, SI MBELE

Wengi hudhani kwamba gari la kukata hewa ni lile lenye pua kali kama mkuki. Sivyo. Mtazame samaki. Kichwa chake ni cha mviringo, na mwili unapungua polepole mpaka mkia. Tone la maji likianguka kutoka bombani nalo huchorwa hivyo hivyo: nene mbele, jembamba nyuma.

Sababu ni hii. Mbele, hewa husukumwa kando, na umbo la mviringo linatosha kuigawa vizuri. Taabu iko nyuma. Kama gari limekatwa ghafla kama sanduku, hewa haiwezi kurudi kujaza nafasi kwa utaratibu. Inazungukazunguka kama maji nyuma ya jiwe mtoni, na nyuma ya gari panabaki nafasi inayolivuta kurudi. Ndiyo maana vumbi huzunguka na kugandama kwenye mlango wa nyuma wa matatu. Umbo linalopungua polepole hairuhusu hali hiyo, maana hewa hufuata mwili mpaka mwisho.

Wataalamu wana namba ya kupima umbo. Kipande cha bati kilichosimama wima dhidi ya upepo kina zaidi kidogo ya 1. Magari mengi madogo ya siku hizi yana kama 0.3. Lile la mwaka 2002 lilikuwa na 0.159, karibu nusu ya hapo.

KILOMITA 5,385 KWA LITA?

Kuna pia mashindano ya wanafunzi, yanayoitwa Shell Eco-marathon, ambayo mshindi si anayewahi kufika bali anayetumia mafuta kidogo. Mizizi yake ni mwaka wa 1939, wanasayansi wa kampuni hiyo katika jimbo la Illinois, Marekani, walipobishana ni gari la nani litakwenda mbali zaidi kwa kiasi kile kile cha mafuta. Mshindi wa siku hiyo alipata kama kilomita 21 kwa lita.

Mwaka wa 2005 huko Ladoux, Ufaransa, gari lililoitwa PAC-Car II, kazi ya chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, lilifikia kilomita 5,385 kwa lita. Halikutumia petroli bali gesi ya haidrojeni, na hesabu ikageuzwa kuwa kana kwamba ni petroli. Umbali huo unapita safari tano za Mombasa hadi Malaba. Gari lenyewe lilikuwa na kilo 29, kama debe moja na nusu la maji. Dereva alilazwa ndani karibu chali, na kasi ilikuwa kama ya baiskeli inayokimbia. Halibebi mzigo, halipandi milima, na mvua si rafiki yake. Si gari la kazi. Ni darasa linaloonyesha mpaka uko mbali kiasi gani.

KWA NINI HATUYAONI BARABARANI?

Hili ndilo swali ambalo mzee yeyote wa kikundi angeuliza, na ni swali zuri. Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni bei. Volkswagen ilijaribu tena, na kuanzia 2013 ikauza gari la XL1. Lilikuwa na kilo 795, injini ndogo ya dizeli, na mota ya umeme iliyosaidiwa na betri ya kuchajiwa kwenye stima. Kampuni ilitaja lita 0.9 kwa kilomita 100, ingawa hapo stima ya nyumbani nayo ilibeba sehemu ya kazi. Yalitengenezwa 250 tu, na moja liliuzwa zaidi ya euro 100,000. Nyuzi za kaboni ni ghali, na kuziunda huchukua muda mwingi kuliko kugonga bati. Mtu anayeweza kulipa pesa hizo hasumbuliwi na bei ya petroli. Anayesumbuliwa hawezi kuzilipa.

Ya pili ni usalama. Watu husema, "Gari ni chuma, mzee." Kuna ukweli ndani yake na kuna kosa. Nguvu haitokani na unene peke yake. Kibuyu ni chepesi na bado ni kigumu, kwa sababu ya umbo lake. Magari ya mashindano ya kasi hujengwa kwa nyuzi za kaboni, na madereva wengi wametoka hai kwenye ajali mbaya. Lakini gari la kilo 290 likikutana uso kwa uso na lori, lori halitasukumwa nyuma. Wepesi ungekuwa salama zaidi kama magari mengi barabarani yangekuwa mepesi.

SISI TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Hatuna nyuzi za kaboni, lakini adui ni wale wale watatu. Kabla ya kufanya lolote, kikundi kijue gari linakula kiasi gani. Njia ni rahisi:

1. Jazeni tangi mpaka juu. Katibu aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi.
2. Tumieni gari kama kawaida kwa wiki moja.
3. Jazeni tena kwenye kituo kile kile. Andikeni lita zilizoingia, na kilomita mpya.
4. Toeni kilomita za kwanza kwenye za pili, kisha mgawanye kwa lita. Hizo ndizo kilomita kwa lita.

Sasa mpigeni adui mmoja mmoja:

UZITO: Toeni vyuma vikuukuu, mawe na mitungi iliyosahaulika nyuma. Msitoe tairi la akiba, jeki wala mikanda. Na kumbukeni, mzigo wenye faida si adui. Safari tupu ndiyo adui. Gari likipeleka kabichi, lirudi na mbolea au chakula cha mifugo. Safari mbili nusu nusu ziwe moja iliyojaa, bila kupita uzito unaoruhusiwa.

TAIRI: Pimeni upepo kila wiki, asubuhi kabla tairi halijapata moto. Kiasi kinachotakiwa huandikwa mara nyingi kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Msizidishe.

HEWA: Mzigo ukiweza kukaa ndani, usiwekwe kwenye keria. Idara ya nishati ya Marekani inakadiria kwamba sanduku kubwa juu ya paa hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Keria isiyotumika ifunguliwe. Na dereva apunguze kasi: kwenye lami, 80 badala ya 100 ni akiba isiyogharimu chochote.

TAHADHARI: Wako madereva wanaoweka gia huru au kuzima injini kwenye mteremko ili "kuokoa mafuta". Msikubali. Breki hupata moto na kushindwa, na injini ikizimwa usukani unaweza kuwa mgumu. Tena magari mengi ya siku hizi hukata mafuta yenyewe yakiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa. Vilevile, msifuate lori kwa karibu ili likukingie hewa. Akiba ya mafuta hailipi maisha ya mtu.

HESABU YA KIKUNDI

Tuseme pikapu ya kikundi inakwenda kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,560. Ikipata kilomita 8 kwa lita, itatumia lita 195. Mkiifikisha kilomita 9 kwa lita, itatumia kama lita 173. Tofauti ni lita 22 kwa mwezi, na kwa mwaka ni kama lita 260. Zidisheni kwa bei ya mwezi huu, mweka hazina awasomee jibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kikundi kinachopanga kununua gari kijiulize kama Boulanger alivyouliza: tunabeba nini, kilo ngapi, kwenye barabara gani? Msinunue gari kwa ukubwa wa bonet. Kama mzigo ni debe kumi za maziwa, pengine tuktuk ya mizigo inatosha.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

1. Gari letu, au lile tunalokodi, linapata kilomita ngapi kwa lita? Nani atapima na kuandika?
2. Ni safari zipi za mwezi uliopita zilirudi tupu? Ni mzigo wa nani ungeweza kubebwa?
3. Kati ya adui hawa watatu, ni yupi anayekula pesa zetu zaidi kwenye barabara yetu?
4. Kama tungewapa mafundi maagizo ya gari la kijiji chetu, badala ya viazi na mayai tungetaja nini?